Uso Kwenye Slaidi ya Saba

Mwalimu Divine, binti aliyepewa madarasa yangu nilipostaafu, alinijia nyumbani Buyenzi juzi akiwa na daftari mkononi. Alitaka nimwandikie yeye na wenzake wanaoanza kazi namna ya kuendesha mradi wa vikundi kwa slaidi katika somo la lugha. Pale shuleni wamemwambia kwamba mimi ndiye niliyeuanzisha. Ni kweli, ni mimi. Akaomba mambo matatu au manne tu, yaliyopangwa vizuri, ayabandike ukutani kwenye chumba cha walimu.

Nimejaribu kuyapanga, yamekataa. Kila nikianza na la kwanza najikuta nimefika kwa Riziki. Basi, wanangu, nitaandika kama yanavyokuja. Ya kuwafaa chukueni.

Nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya kaskazini mwa Bujumbura, upande wa Kamenge, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kwa miaka mingi vifaa vyangu vilikuwa chaki, kitambaa cha kufutia ubao, na koo. Kisha shule ikapewa projekta. Mkurugenzi aliitoa garini mwenyewe, akaibeba kifuani kama mtoto anayepelekwa kubatizwa, akatutangazia kwamba kuanzia muhula ule hataki kumsikia mwalimu wa lugha akisema hana vifaa.

Somo langu la kwanza la slaidi lilikuwa aibu. Nilichukua ukurasa mzima wa ngeli za majina nikauandika wote kwenye slaidi moja, kwa herufi ndogo kama chawa. Wanafunzi wa mbele walinakili kutoka ukutani, wa nyuma wakanakili kutoka kwa wa mbele. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nasoma ukutani neno kwa neno. Umeme ukakatika. Nikageuka, nikawaona wananitazama, na nikagundua kwamba sijui niendelee vipi, mimi niliyekuwa nimefundisha ngeli zilezile zaidi ya miaka ishirini bila hata kufungua kitabu.

Aliyeniokoa ni Déo, mwalimu wa kompyuta, kijana wa rika la mwanangu wa pili. Alicheka kwa adabu, akanikalisha.

"Mwalimu," aliniambia, "ubao ni wa kuandikia. Slaidi ni ya kuangalia wakati mutu anasema. Ukiweka maneno yako yote pale, wewe mwenyewe wa nini?"

Maneno hayo niliyashika mpaka siku ya mwisho ya kazi, na ninyi yashikeni.

Baadaye nikaona si vizuri slaidi ziwe zangu peke yangu. Wanafunzi watengeneze zao, kwa vikundi, kisha wasimame waseme. Hapo nako nilianza kwa kukosea. Kwa kuwa kompyuta zilikuwa chache, nikaweka wanane kwa kikundi. Wanane katika kikundi maana yake mmoja anafanya kazi, wawili wanamshauri, watano wanasubiri alama. Wekeni wanne. Mkikosa kompyuta wapangeni kwa zamu, lakini wawe wanne.

Kosa la pili, niliwaacha wachague mada yoyote. Kikundi kimoja kikachukua samaki wa Ziwa Tanganyika. Kijana aliyesoma alikuwa na sauti nzito kama ya mtangazaji wa redio. Akasoma bila kusita: "Samaki hawa hupatikana kwa wingi katika maji ya kina. Bofya hapa kusoma zaidi." Darasa likaangua kicheko, yeye akasimama anashangaa, kwani hakujua kosa liko wapi. Walikuwa wamenakili kila kitu kutoka mtandaoni na hawakusoma hata mstari mmoja kabla ya siku ile.

Nikatafuta dawa. Nikasema: slaidi moja, picha moja, maneno yasiyozidi matano, na picha iwe ile mliyoipiga wenyewe. Tena siku ya kusimama nitapiga kura. Nilikuwa na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake karatasi za majina na karatasi za namba. Jina likitoka na namba nne, huyo ndiye atakayeeleza slaidi ya nne, awe alitengeneza yeye au mwenzake. Kwa njia hiyo hakuna anayelala. Na dawa ilifanya kazi, msidhani natania. Watoto waliokuwa wakinong'ona darasani walianza kusema. Huwezi kumnakili mtu mwingine maneno ya picha ambayo umeipiga mwenyewe. Walimu wa Kifaransa na Kiingereza wakaja kutazama, na mkurugenzi akaniita mbele ya wenzangu akanisifu. Nilivimba kichwa. Mwalimu akivimba kichwa masikio yanazibwa, na hili nalo mnaweza kulibandika ukutani.

Mwaka uliofuata nilitoa mradi ulioitwa "Siku moja ya mtu anayefanya kazi." Kila kikundi kichague mtu mzima mmoja wanayemfahamu, kimfuate siku nzima, kipige kwa simu picha kumi za kazi yake, kisha kije kutusimulia kwa Kiswahili.

Katika darasa lile alikuwepo binti mmoja, Riziki. Alikuwa na miaka kumi na saba, alitoka ng'ambo, Kongo, upande wa Uvira, alikuja na mama yake wakiwa wawili tu. Wenzake wengi nyumbani walisema Kirundi, Kiswahili walikipata mtaani. Yeye alizaliwa ndani yake. Lakini kilikuwa Kiswahili cha kule: mutu, mutoto, mi naenda. Nami nilikuwa mwalimu wa Kiswahili sanifu, nilimsahihisha kila alipofungua mdomo. Alikuwa hakasiriki. Alirudia neno kama nilivyotaka, akaendelea.

Kikundi chake kilikuwa na Arnaud, kijana mwerevu ambaye baba yake alikuwa na kompyuta nyumbani, na wasichana wawili waliokaa dawati moja. Walipotafuta mtu wa kumfuata, wazazi wa wale watatu wote walikuwa watu wa ofisini. Utampiga mtu wa ofisini picha kumi za nini? Mama yake Riziki alikuwa anachambua kahawa katika depo, ghala moja la Zone Industrielle, mtaa wa viwanda. Wanawake wengi wamekaa kwenye meza ndefu, wanaondoa punje mbovu kwa vidole, kutwa. Wakamwomba. Riziki akasema atamuuliza mama. Kesho yake akawaambia mama amekubali.

Nilikuwa na desturi ya kuona kazi ya kila kikundi wiki moja kabla ya siku yenyewe. Zao zilikuwa nzuri kupita zote. Lango la depo. Magunia. Meza. Kisha mikono: mikono inamwaga kahawa, mikono inachagua, mikono imepumzika juu ya kitenge na vumbi jeupe limeingia kwenye mistari ya viganja. Nilipofika slaidi ya saba na kukuta mikono tena, nikauliza mwenye mikono yuko wapi. Tunasimuliwa siku ya mtu, mtu mwenyewe hatumwoni.

Arnaud alimtazama Riziki. Riziki akasimama, kama tulivyowafundisha kusimama wanaposema na mwalimu.

"Mwalimu, mama hapendi. Alisema mikono sawa, uso apana."

"Hapana," nilimwambia. "Si apana. Sema hapana."

"Hapana," akasema.

Wanangu, nimekaa na dakika ile miaka sasa. Mtoto aliniambia jambo lililokuwa na uhai wa mama yake ndani, nami nikasikia herufi moja imepotea. Na sikuishia hapo. Nilidhani naona kilicho chini ya maneno yake: nilidhani anaona haya kwa kuwa mama yake anachambua kahawa na akina mama wa wenzake wanakaa kwenye viti vya kuzunguka. Kwa hiyo nikalihutubia darasa zima. Nikasema kazi ni kazi, haina aibu. Nikawaambia marehemu mama yangu aliuza vitumbua na mimi nimekuwa mwalimu kwa vitumbua vile. Niliongea vizuri, kwa bahati mbaya. Wengine walipiga makofi. Riziki alikuwa bado amesimama, anatazama meza, na mimi nikaona ni mtoto aliyeguswa na maneno mema. Mwisho nikamwambia Arnaud kwamba bila uso, kazi hiyo haipati zaidi ya alama kumi na mbili kwa ishirini.

Arnaud alitii. Kesho kutwa yake alikwenda Zone Industrielle peke yake saa za kutoka kazini, akasimama ng'ambo ya barabara, na wanawake walipotoka langoni akampiga mama yule picha. Hakumwambia Riziki. Alidhani anamsaidia.

Siku ya kusimama umeme ulikuwepo tangu asubuhi. Nikatikisa kopo langu. Jina la Riziki likatoka na namba saba.

Alikwenda mbele. Picha ikaja ukutani, kubwa kuliko mlango: mama yake anatoka langoni, ameshika kitambaa cha kichwa mkononi, jua limempiga usoni, anacheka na mwenzake. Nyuma yake kibao chenye jina la depo kinasomeka. Riziki aliitazama mpaka wengine wakaanza kukohoa. Kisha akasema. Alisema kwamba huyu ni mama yake, kwamba anaamka mapema, kwamba vidole vyake vinajua punje mbovu hata akifumba macho, na kwamba hapa anacheka kwa sababu hajui kama kuna mtu anamtazama. Alisema yote kwa Kiswahili sanifu, bila kosa hata moja. Nikajifuta macho. Niliwapa alama kumi na tisa kwa ishirini, ambazo sikuwahi kumpa mtu.

Mkurugenzi alikuwepo. Akaomba slaidi zile kwenye flashi, na jioni ile akazituma kwenye kundi la simu la wazazi ili waone shule inavyofanya kazi. Wazazi nao wakawatumia ndugu zao. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ninarudia jambo hili kwa sababu watu hulitafuta, wanataka awepo mtu mbaya katikati ya habari, wapumue. Humo katikati tulikuwa sisi tu, tumefurahi.

Wiki ya pili Riziki hakuja shule. Siku ya kwanza nikaandika homa. Siku ya nne nikawauliza wenzake, wakasema simu yake haiiti. Jumamosi nikaenda Kamenge walikokuwa wakikaa, chumba kimoja katika ua wa nyumba tatu. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani, mama wa makamo aliyekuwa anafua, alinitazama kutoka chini mpaka juu kabla ya kunijibu salamu.

"We ni nani wake?" aliuliza.

Nikasema mimi ni mwalimu wake.

Akaendelea kufua. Kisha akanieleza, bila kuinua macho kutoka kwenye beseni. Mama Riziki alimkimbia mume. Mume huyo alimpiga miaka mingi, na mara ya mwisho alimmwagia mafuta ya taa, akawa anatafuta kiberiti. Alitoroka na mtoto akiwa na nguo aliyovaa, wakavuka mpaka, wakajificha hapa mjini. Na mume ni mfanyabiashara. Anakuja Bujumbura kila mara kuchukua bidhaa. Ndiyo maana mama hakwenda sokoni, hakwenda harusini, hakupiga picha na mtu. Wiki ile mfanyabiashara mwenzake alimwonyesha mume huyo picha kwenye simu, akamuuliza kama huyu si mke wake. Jina la depo lilikuwa juu ya kichwa chake.

"Alimungoja pale langoni," jirani alisema. "Wenzake wakamupitisha kwa mulango wa nyuma. Akakuja hapa mbio, akachukua mutoto, wakaenda. Hata sufuria iko ndani."

Nilimuuliza walikwenda wapi. Akasema hata kama angejua asingeniambia, na alikuwa na haki.

Jumatatu nilikwenda kwa mkurugenzi. Alishika kichwa, akafuta slaidi zile kwenye simu yake mbele yangu, akawaandikia wazazi wazifute. Wakajibu wamefuta. Nilipita darasani dawati kwa dawati nikawaomba wafute, wakafuta. Kazi bure. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa hapaswi kuiona, na huyo alikuwa ameshaiona.

Arnaud alinifuata baada ya masomo. Alikuwa amesikia. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha walimu, akashindwa kuingia.

"Mwalimu, ni mi nilimutoa kwa huyo bwana?"

Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia yeye aliagizwa, na aliyeagiza ndiye mwenye kosa. Aliitika kwa kichwa, lakini niliona hakunisadiki. Tangu siku ile hakusimama tena mbele ya darasa. Ukimpigia kura anapokea sifuri, anakaa.

Mtasema, basi Mwalimu, weka sheria. Niliweka. Muhula wote niliurudia ubao na chaki, mpaka mkurugenzi akasema shule haiwezi kuwa na projekta iliyofunikwa kitambaa. Niliporudi kwenye slaidi nilikuwa na sheria: mwenye uso aulizwe, aulizwe na mwalimu mwenyewe, na akikataa asiulizwe sababu. Nilikwenda kwa miguu nyumba hadi nyumba kuuliza. Mwaka uleule kikundi kimoja kilimpiga picha mtu mwenye ugonjwa wa akili, amelala karibu na soko, nguo zimemtoka. Niliwaamuru wafute. Walifuta nikiwatazama. Kabla ya jua kutua ilikuwa kwenye simu za shule nzima, na wameiandikia maneno ya kuchekesha yasiyozidi matano. Kanuni yangu walikuwa wameishika vizuri.

Kwa hiyo Divine, ukiniuliza mradi huu ufanywe vipi, naweza kukueleza wanne kwa kikundi, kura, picha moja, herufi kubwa za kusomeka mpaka nyuma, mazoezi bila umeme kabla ya mazoezi na umeme. Yote ni kweli na yatakusaidia. Lakini namna ya kuwapa watoto mashine inayokwenda mbali kuliko wanavyoweza kuona, halafu wasimdhuru mtu, hilo sikulijua nilipokuwa kazini, na sasa nimekaa barazani nalifikiria kila siku, silijui bado. Déo naye nilimuuliza. Akasema labda wakati wetu wa kulijua umeshapita.

Riziki nilimwona mara moja. Nilikuwa nimekwenda Kanyosha kwenye matanga ya jamaa yangu, na wakati wa kurudi nikasimama kwa wanawake wanaouza mboga kando ya barabara. Yeye alikuwa anafunga mafungu ya lengalenga, na mtoto mdogo mgongoni. Aliniona kabla sijamwona. Angeweza kugeuza uso, nami ningepita. Lakini alinisalimu kwa heshima kama zamani, akaniuliza habari za mama watoto.

Nikamuuliza mama yake. Alisema yupo, wanakaa pamoja. Mume yule hakuwapata tena, ila mama siku hizi hatoki. Wanapomfungulia mlango ili apate jua, anainuka anaufunga. Kahawa hachambui, shamba haendi. Anakaa chumbani na anauliza nje kuna nani. Riziki mwenyewe shule hakuirudia. Walipokuwa wanajificha milimani hakukuwa na namna, na baadaye akawa mkubwa, akapata mtoto. Alinieleza hayo huku akiendelea kufunga mafungu, bila kunilaumu hata kwa jicho. Ningependa angenilaumu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo miaka. Nilikuwa na maneno. Nilipoyafungua yakawa hotuba nyingine, nikayasikia mwenyewe, nikayaacha. Nikamwomba msamaha kwa neno moja. Akasema, "Ni sawa, Mwalimu," kama mtu anavyomwambia mgeni aliyemkanyaga.

Nikamuuliza kama kuna kitu chochote ninachoweza kumfanyia. Alifikiri kweli, niliona anafikiri. Mwanamke mmoja alisimama kuchagua mboga, akamhudumia, akamrudishia chenji, kisha akanigeukia.

"Usinifanyie kitu," alisema. "Na siku utasimulia watu, usitutaje."

Nikamwambia nimesikia.

Kwa hiyo msimtafute. Jina mlilolisoma humu si lake, na mahali nilipomkuta si Kanyosha.